Naraoka Tokuji na Shingo Aliyoipiga Randa Bila Kuulizwa

Ndugu, majirani, mafundi wenzake kutoka Hirosaki na Goshogawara, na ninyi nyote mliokanyaga theluji ya leo kuja kukaa nasi: ahsanteni. Wasifu huu wa marehemu Naraoka Tokuji umeandikwa na mdogo wake wa kike, Fumie, na ndiye anayewasomea. Ameuandika mara mbili. Wa kwanza aliuandika Jumamosi, ukawa mfupi na wenye adabu zake, ukapelekwa kwa mchapaji. Jana asubuhi, mbele ya tanuri la kuchomea maiti, ukageuka kuwa uongo. Haukuwa uongo wa kukusudia. Ni kwamba mwandishi alikuwa hamjui kaka yake. Karibu maisha yake yote ameishi naye mtaa mmoja, na alikuwa hamjui! Basi ule ukurasa wa ndani ya karatasi mliyopewa mlangoni umebandikwa huu mpya juu yake, na gundi bado mbichi. Geuzeni taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951 hapahapa Kuroishi, mtoto wa pili wa Naraoka Eisaku, seremala wa milango, na mkewe Haruyo. Ilikuwa siku ya theluji ya kwanza ya mwaka ule. Mama alikuwa akisema kwamba mkunga alichelewa, lakini mtoto hakuchelewa. Tangu utotoni alikuwa na maradhi mamoja tu: hakuweza kuona kitu kimepinda akakiacha. Ukimkaribisha chai nyumbani kwako, anaondoka ameshakaza mguu wa meza na kunyoosha rafu ya vyombo, na wewe hujamwomba. Mama alikuwa akimgombeza, "We Toku, umeitwa kunywa au umeitwa kazini?" Tabia hiyo ishikeni vizuri, maana ndiyo iliyomponza, na ndiyo iliyomwoza.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapa mjini, akamaliza Machi 1967. Hakuwa wa kwanza darasani wala hakuwa wa mwisho. Mwalimu wake wa hesabu aliwahi kuja nyumbani kushtaki kwamba Tokuji ameinuka katikati ya mtihani, akauchomoa mlango wa darasa kwenye reli yake, akauchonga kwa kisu cha penseli na kuurudisha, kwa sababu ulikuwa unakwama na kumchosha. Baba akasikiliza mpaka mwisho.

"Na sasa hivi unakwama?" akauliza.

"Hapana," mwalimu akasema. "Unateleza vizuri sana."

"Sasa mwalimu, umekuja kushtaki nini?"

Aprili mwaka huohuo alipelekwa Hirosaki kwa mzee Mikami Ryosaku, fundi wa shamisen, akakaa kwake miaka tisa. Mitatu ya mwanzo hakuonja kushika randa. Alifagia, aliloweka ngozi, alichota maji, alitukanwa. Kisha akaanza kufundishwa, na kilichofundishwa hapo hakina budi kuelezwa kwa ninyi msio wa kazi hii. Shamisen ina ngoma ndogo iliyowambwa ngozi, nyuzi tatu na shingo ndefu, na shingo hiyo haina alama yoyote ya kumwonyesha mtu kidole kikae wapi. Mpigaji anapajua kwa mazoea tu. Na kwa kuwa kila siku anaukandamiza uzi palepale kwa ncha ya kidole na ukucha, mbao inaanza kulika. Bandu bandu huisha gogo. Baada ya miaka mingi shingo imejaa vishimo, nyuzi zinagonga na kulia vibaya, ndipo fundi anaipiga randa mpaka irudi kuwa laini kama ilivyozaliwa. Sheria ya mzee Mikami ilikuwa moja: shamisen ikiingia dukani, hata kama imeletwa kubadilishwa uzi tu, isitoke na vishimo. Na mteja asiulizwe. Kumuuliza ni kumwambia usoni kwamba hakukitunza chombo chake. Unainyoosha kimya, unamrudishia, naye anashukuru kimya. Ndiyo heshima ya kazi yenyewe mpaka leo, na mafundi mliokaa safu ya pili mnatikisa vichwa kukubali, mnaonekana.

Tarehe 3 Mei 1977 alifungua duka lake mwenyewe kwenye mtaa wetu wa baraza za mbao, nyumba mbili kutoka kwa mwandishi. Jina lake lilienea kwa sababu ya ngozi. Alikuwa akiiwamba ngozi kwa kamba na kabari, anaigonga kwa kidole, anaisikiliza, anaivuta tena, mpaka imebaki pumzi moja ipasuke. Mafundi wengine huingiwa na woga wakaachia mapema. Yeye hakuachia. Wapigaji walikuwa wakimletea vyombo kutoka hata ng'ambo ya mlango wa bahari, Hokkaido, wakiwa wamevipakata kwenye treni kama watoto wachanga.

Lakini kupiga, jamani! Hapo kaka yetu alikuwa hana lake. Shamisen ya huku kwetu Tsugaru haibembelezwi. Ile bachi, kipigio kipana kama mwiko, unaishusha kwa mkono wa kulia mpaka iguse uzi na ngozi kwa pamoja, ngoma na uzi vilie kwa mpigo mmoja. Mkono wa kushoto nao unateleza shingoni, unakandamiza, unadonoa, unaruka, huku uzi ule mnene unanguruma chini ya sauti zote kama nyuki mzingani. Tokuji alijua kutengeneza kila sehemu ya chombo hicho na hakujua kukitumia. Akikijaribu, ungedhani mtu anakatakata figili jikoni huku anamfikiria adui yake.

Sasa tuje mwaka 1992, ambao kwenye ule wasifu wa kwanza ulipewa sentensi moja.

Tarehe 14 Februari mwaka huo alifariki mzee Osanai Kanesaburo, mkulima wa matofaa na mpigaji shamisen ambaye wazee wengi humu ndani wanamkumbuka. Aliacha binti mmoja, Mitsue, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Binti huyo alifundishwa na babake tangu miguu yake haijagusa sakafu akikaa, na alifundishwa bila kitabu wala maelezo. Mzee alikuwa anakishika kidole cha mtoto na kukiweka ndani ya kishimo alichokichimba yeye mwenyewe kwa miaka arobaini ya kupiga. "Usitafute sauti," alikuwa akimwambia. "Tafuta baba alipokanyaga." Siku ya arobaini na tisa ya msiba, shamisen ya mzee ikiwa imetundikwa ukutani haijaguswa na mtu, ngozi yake ikapasuka yenyewe, paa! Mitsue akaifunga kwa kitambaa cha buluu akaileta kwa Tokuji.

"Ngozi tu, fundi," akasema, akaondoka.

Tokuji akaiwamba ngozi. Kisha akaiona shingo: vishimo kumi na kimoja, vingine unaweza kuweka punje ya wali isionekane. Akamhurumia yule mfiwa. Akafanya lile ambalo fundi yeyote mwenye heshima angefanya, tena kwa mkono wa upendo, na akaing'arisha shingo mpaka tone la maji lisiweze kusimama juu yake.

Mitsue alirudi tarehe 5 Mei, matofaa yamechanua mji mzima. Mwandishi alikuwepo, kikombe cha chai mkononi. Mitsue alipiga magoti, akaipakata shamisen, mkono wake wa kushoto ukapanda shingoni, ukashuka, ukapanda tena. Uso ukambadilika.

"Vimeenda wapi?"

"Nini, dada?"

"Vidole vya baba."

Maskini Tokuji, akatabasamu. Alidhani anashukuriwa. "Ah, vile vishimo? Nimevitoa vyote. Pitisha mkono uone ilivyonyooka."

"Nani alikwambia uguse shingo?"

"Ndivyo tufanyavyo, dada. Hatuulizi."

"Mwezi uliopita nimezika mifupa ya baba yangu," Mitsue akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, bora angepiga kelele. "Mifupa haijanifundisha kitu maishani. Kilichobaki cha baba ni hivyo vishimo. Ndimo nilimokuwa nikimfuata. Nawe umempiga randa. Kwa heshima!"

Mwandishi alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na kikombe chake. Mitsue akaiweka shamisen sakafuni kama anayeweka mtoto aliyelala. "Kaa nayo," akamwambia kaka yetu. "Siku utakayorudisha vidole vya baba, siku hiyo nitapiga. Kabla ya hapo mimi bachi siishiki, na dhambi yake iwe juu yako." Akatoka. Maji yakimwagika hayazoleki, na mbao ikishapigwa randa haioti tena. Tokuji alikaa pale sakafuni mpaka jioni, na mteja aliyefuata alidhani duka limefungwa.

Jumamosi iliyofuata Mitsue akaja, akasimama mlangoni. "Vimerudi?" "Bado," Tokuji akajibu. Akaondoka. Jumamosi nyingine hivyohivyo, na nyingine, kiangazi kizima. Mtaa ukaanza kuweka saa kwa ujio wake. Ilipofika Novemba baridi ikamzidi, akaanza kuketi kabla ya kuuliza. Januari akaanza kupewa chai. Februari, jamani, kaka yetu ambaye hakuwahi kumnunulia mtu hata peremende alionekana kwenye foleni ya duka la vikeki vya maharage. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1994, bwana arusi ana miaka arobaini na miwili, bibi arusi thelathini na sita. Asubuhi ya siku hiyo mwandishi, akimfunga mkanda wa kimono, hakuweza kujizuia.

"Wifi, hivi kweli unaolewa na mtu uliyemkasirikia hivyo?"

"Nimemkasirikia sana," Mitsue akasema. "Sasa ya nini kumkasirikia kutoka mbali?"

Walijaliwa binti mmoja, Chigusa, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1995. Lile swali nalo lilihamia nyumbani pamoja na vyombo. Tokuji akisahau kutoa theluji mlangoni, Mitsue anasema, "Theluji hujatoa, vidole hujarudisha, kwani kazi yako hasa ni ipi?" Akinung'unikia supu, anaambiwa, "Rudisha vidole kwanza, ndipo useme habari ya chumvi." Naye anainamisha kichwa na kujibu, "Bado, mama Chigusa. Bado." Wageni walicheka na wenyewe wakacheka. Lakini Mitsue hakuishika bachi. Mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, kwenye sherehe ya mavuno watu wakamsihi, akawa anakunja mikono ndani ya mikono ya nguo yake. Na lile furushi la buluu likakaa rafu ya juu kabisa dukani. Tokuji alipiga marufuku mtu kuligusa, hata kulifuta vumbi.

Hapa ndipo mwandishi anapoona haya. Mitsue alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la kuchagulia matofaa, anaondoka baada ya chakula cha mchana, anarudi saa kumi na moja. Kila siku, saa nane kamili, shamisen ililia dukani kwa Tokuji kwa muda wa saa nzima. Miaka thelathini na moja! Nyimbo tatu, zilezile, nyimbo za mzee Osanai, na mtaa mzima ulizisikia. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu fundi akipiga shamisen dukani kwake, anajaribu ngozi. Mwandishi peke yake ndiye aliyechoka siku moja akafungua dirisha la jikoni.

"Kaka! Hizo nyimbo tatu hazikuchoshi?"

"Najaribu ngozi!"

"Miaka ishirini unajaribu ngozi moja?"

"Ngozi ni nyingi, Fumie!"

Na katika wimbo wa tatu, pale unapopanda juu, alikosea. Alikosea kila siku, mahali palepale. Kidole chake cha tatu kilizidi mbele kidogo, kiasi cha unene wa unyasi, na sauti ikapinda. Yeye asiyeweza kuona rafu imepinda! Mwandishi alikuwa akiuma meno kabla hajapafika. "Shusha kidole, wee!" alikuwa akipaza sauti. "Nimeshusha!" "Hujashusha!" Ndiyo yalikuwa maongezi ya ndugu wawili kwa miaka mingi, na mwandishi alidhani anamjua kaka yake.

Kwa desturi, sasa ingefuata aya ya ugonjwa. Hapana aya hiyo. Tokuji hakuugua. Mwezi Oktoba daktari alimpima akamwambia ana moyo wa kijana, na wiki iliyopita alibeba gunia la mchele begani akipita dirishani kwa mwandishi akipiga mluzi. Tungekuwa tumeuguza, tungekuwa tumezoea kidogo. Hatukuuguza.

Ijumaa tarehe 9 Februari, wakati wa kifungua kinywa, Mitsue alimpa wali na samaki wa chumvi na kumuuliza kama kawaida, bila hata kumtazama, "Vimerudi?" Na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1992, hakusema bado.

"Usiulize leo," akasema. "Uliza Jumatano."

"Jumatano kuna nini?"

"Uliza tu Jumatano."

Mitsue alidhani ni mzaha mpya, akamwambia anazeeka vibaya. Saa nne na dakika arobaini asubuhi marehemu alianguka mbele ya duka akiwa ameshika koleo la theluji. Mwandishi alimwona kupitia dirisha lilelile la jikoni, akadhani ameteleza, akacheka. Alicheka! Alifariki hospitalini saa sita kasoro dakika nane. Daktari alisema ni moyo. Moyo wa kijana, lo!

Mnajua desturi yetu ya huku, tunachoma kwanza, ibada baadaye. Kwa hiyo Jumapili jioni ndipo tulipojaza jeneza. Tuliweka aproni yake, kofia yake ya sufu, matofaa mawili, barua ya mjukuu yenye picha ya paka. Mitsue alikuwa hajalia. Tangu Ijumaa alikuwa amekauka, anajibu watu kama mtu wa kaunta. Ghafla akanyoosha kidole kuelekea dukani.

"Na lile furushi. Aende nalo."

"Mama, una uhakika?" Chigusa akauliza. "Si ni ya babu?"

"Ya babu ilikufa siku iliyopigwa randa. Kama hakuvirudisha hapa, akavirudishe huko aendako. Wekeni."

Aliyelishusha furushi kutoka rafuni ni mwandishi huyu, kwa mikono hii. Shingo ya shamisen hutenganishwa vipande vitatu, kwa hiyo furushi lilikuwa fupi, likakaa vizuri miguuni pa marehemu. Hakulifungua. Aliogopa kumkasirisha wifi yake, na kusema kweli alikuwa na haraka ya kwenda kupika.

Jana, Jumatatu, saa nne asubuhi, mlango wa tanuri umeshafunguliwa na mtawa ameshaanza kusoma, mama mmoja mhudumu mwenye glovu nyeupe akainamisha kichwa mbele yetu. "Samahani sana wafiwa. Ndani hamna chuma wala kioo?"

"Hamna," mwandishi akasema.

"Kwenye hilo furushi je?"

"Ni mbao tu."

"Samahani sana," yule mama akarudia, na akainama chini zaidi. "Vigingi vya shamisen aghalabu vina pete za chuma. Baba yangu alikuwa nayo." Akaomba ruhusa, akalifungua fundo. Popote alipo mama huyo leo, familia ya Naraoka inamsujudia.

Ngozi ilikuwa imetoka kuwambwa upya, nyeupe, haijapigwa. Nyuzi mpya zimekunjwa pembeni. Vipande vya shingo vimefungwa kila kimoja kwa karatasi. Na chini yake kulikuwa na ukanda mrefu wa karatasi ngumu, uliogandishwa juu yake utepe wa maranda, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, mwekundu, upana wake ni upana wa shingo ya shamisen. Umejaa matundu. Mhudumu alidhani umeliwa na wadudu. Pembeni palikuwa na mwandiko wa kaka yetu: "22 Aprili 1992. Randa ya kwanza. Hapa ndipo vilipo."

Mafundi wa safu ya pili mmeshaelewa, mmoja wenu amejifunika uso. Wengine waelezwe. Randa ikipita mara ya kwanza juu ya shingo yenye vishimo, haifiki chini ya vishimo. Inaparua pale palipoinuka tu. Kwa hiyo utepe unaotoka una tundu kila mahali palipokuwa na kishimo. Siku ile Mitsue alipotoka akamwacha sakafuni, Tokuji alipekua pipa la maranda mpaka akaupata huo mmoja. Ilikuwa ramani ya mkono wa mzee Osanai. Na huyu mtu asiyejua kupiga akaketi na kaseti ya mzee ya mwaka 1983, ambayo Mitsue aliamini imepotea na ambayo tumeikuta jana jioni ndani ya redio ya dukani, akajifunza nyimbo zile tatu, kwa sababu kuchonga vishimo kwa patasi kungekuwa uongo. Alitaka vichimbwe na vidole, vilevile vilivyochimbwa mara ya kwanza. Saa moja kila siku. Na sisi tukasema anajaribu ngozi!

Mitsue aliunganisha shingo pale pale, juu ya ukingo wa jeneza. Akaulaza utepe juu yake. Tundu la kwanza likakaa juu ya kishimo cha kwanza. La pili juu ya cha pili. Tulihesabu kwa sauti, hata yule mtawa alinyamaza akahesabu nasi, mpaka la kumi na moja. Kisha Mitsue akafumba macho, akaondoa utepe, akapitisha vidole.

"Baba," akasema.

Halafu kidole chake kikasimama. Mbele kidogo ya kishimo cha kumi na moja, kiasi cha unene wa unyasi, palikuwa na kingine. Kishimo cha kumi na mbili, kirefu kushinda vyote. Akarudisha utepe: hapo utepe ni mzima, hauna tundu. Akanigeukia, yaani akamgeukia mwandishi, na kumuuliza kama mtoto, "Wifi, hiki cha nani?"

Mwandishi alikijua. Miaka thelathini na moja alikiumia meno.

"Hicho chake," akamwambia. "Wimbo wa tatu. Hakushusha kidole."

Ndipo Mitsue alipolia, akalia mpaka tukamshika watu wanne, na kati ya kilio alisema neno ambalo mwandishi ameruhusiwa naye kulisoma hapa. Alisema, "Nilimsamehe siku ya vikeki, wifi. Siku ileile! Nilidhani anajua. Nilidhani tunataniana." Marehemu alichomwa saa nne na nusu, pamoja na aproni yake na matofaa. Shamisen ilirudi nyumbani mapajani mwa mkewe.

Jumatano aliyoisema ni kesho. Ni kumbukumbu ya mwaka wa thelathini na tatu wa mzee Osanai, maana sisi huhesabu na mwaka wenyewe wa kifo, na ndiyo ya mwisho kufanyiwa mtu aliyefariki; baada yake jina lake linaungana na la wahenga. Tokuji alikuwa amebakiza siku tano tu.

Marehemu ameacha mke, Mitsue. Binti yake Chigusa na mumewe Kasai Nobuto, wa Aomori. Mjukuu mmoja, Suzuna, mwenye miaka minne. Kaka mkubwa, Eiichi, aliyeko Sapporo na ambaye treni yake imekwama kwa theluji. Na mdogo wake huyu. Mifupa yake itazikwa theluji ikiyeyuka. Tangu jana mafundi watatu, kwa nia njema kabisa, wamejitolea kuikagua ile shingo. Mitsue anawashukuru, na anasema atakayeikaribia na randa atavunjwa mkono.

Sasa ataipiga. Hajashika bachi tangu siku ile ya matofaa kuchanua, kwa hiyo mvumilieni mkono wa kulia. Mkono wa kushoto utafuata shingo ilivyo, kishimo kwa kishimo, bila kuruka hata kimoja. Mkifika wimbo wa tatu, pale unapopanda juu, mtasikia kidole kimezidi mbele na sauti imepinda. Msitazamane. Vile kumi na kimoja ni vya mzee Osanai. Hapo palipopinda ni kaka yetu.

Pumzika kwa amani, Tokuji. Vimerudi.